Joseph Henry (1797–1878) na Cheche ya Koili

Joseph Henry alizaliwa tarehe 17 Desemba 1797 mjini Albany, jimbo la New York, Marekani, katika familia maskini. Baba yake alifariki Joseph akiwa bado mdogo, naye akapelekwa kujifunza kazi kwa fundi saa. Baadaye alisoma Albany Academy, na mwaka 1826 akawa mwalimu wa hisabati na sayansi hapohapo.

Henry alifunika nyaya kwa hariri ili aweze kuzizungusha tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumakuumeme aliyokitengenezea Chuo cha Yale iliinua zaidi ya kilo 900.

Vipindi vya kufundisha vilikuwa vingi, hivyo majaribio makubwa yalisubiri likizo. Kuchelewa huko kulimgharimu: Michael Faraday wa Uingereza alimtangulia kutangaza uzalishaji wa umeme kwa sumaku. Hata hivyo, mwaka 1832 Henry alichapisha ugunduzi mwingine: waya mrefu, hasa uliozungushwa kuwa koili, hutoa cheche kali unapotenganishwa na betri. Uga wa sumaku unapotoweka, koili huzalisha volteji inayojaribu kuuendeleza mkondo uleule. Mkondo ukikatwa ghafla zaidi, volteji hupanda zaidi.

Mwaka 1846 Henry akawa Katibu wa kwanza wa Taasisi ya Smithsonian, Washington. Alifariki tarehe 13 Mei 1878. Mwaka 1893 kizio cha sifa hiyo ya koili kilipewa jina lake, henri (H).

Matumizi

Mwanafunzi wa Igogo, Mwanza, ametoa mota kwenye redio kaseti mbovu na anaiendesha kwa transista ya NPN. Ndani ya mota kuna koili. Transista inapozima, volteji ya koili huweza kupanda mara nyingi kuliko ya betri na kuiunguza transista.

Kinga ni dayodi iliyounganishwa sambamba na mota: kathodi upande wa chanya cha betri, anodi upande wa kolekta. Transista ikizima, mkondo huzunguka kupitia dayodi hadi uishe, na kolekta huizidi betri kwa takribani volti 0.7 tu. Angalizo: dayodi ikigeuzwa, mkondo utaikwepa mota na kuunguza transista au dayodi yenyewe.

Swali: Kwa nini cheche hutokea mkondo unapokatwa, wala si unapokuwa umetulia?