Bob Maza: Mwelekezi aliyewapa Waaborijini jukwaa lao

MNAMO 1969, Bob Maza alianza kuigiza kama wakili katika Bellbird, kipindi cha runinga ya Australia kilichosimulia maisha ya mji mdogo wa mashambani. Kwa Mwaborijini wa enzi hizo, kupewa nafasi ya msomi lilikuwa jambo la nadra. Miaka miwili tu awali, raia walikuwa wamepiga kura ya maamuzi ili jamii yake ihesabiwe kikamilifu katika sensa ya taifa.

Maza alizaliwa 1939 katika Palm Island, jimbo la Queensland. Hicho ni kisiwa ambacho serikali ilikuwa imewahamishia kwa lazima Waaborijini kutoka sehemu nyingi za jimbo hilo. Babake alikuwa na asili ya Murray Island, mbali kaskazini, naye mamake alikuwa wa jamii ya Yidinji.

Mwaka wa 1970, alikuwa miongoni mwa wajumbe waliosafiri hadi Atlanta, Marekani, kuhudhuria kongamano la watu wenye asili ya Kiafrika. Mtaani Harlem, New York, alijionea watu weusi wakiendesha ukumbi wao wenyewe wa maigizo. Aliporejea, hakutaka tena kusubiri kupewa nafasi katika hadithi za wengine. Mnamo 1971, yeye na mwigizaji Jack Charles walianzisha kundi la Nindethana jijini Melbourne.

Mwaka uliofuata alihamia Sydney, mtaa wa Redfern, ambako Waaborijini wengi waliotoka mashambani walikuwa wakiishi. Huko alishiriki kuelekeza Basically Black, vichekesho vilivyoukejeli ubaguzi wa rangi bila kumwonea haya yeyote.

Hata hivyo, kazi iliyompa heshima kuu ilikuja 1975. Aliielekeza The Cake Man, tamthilia ya Robert Merritt kuhusu familia maskini inayoishi katika makazi ya wamishonari mashambani. Merritt aliiandika akiwa gerezani. Maisha ambayo wakazi wa mijini hawakuyajua yakawekwa jukwaani, nao walioyaigiza ni watu wa jamii hiyo yenyewe.

Lakini sanaa haiishi kwa makofi pekee. Ukumbi huo wa Redfern ulifungwa 1977 kwa kukosa fedha. Maza hakukata tamaa. Aliigiza katika filamu ya The Fringe Dwellers ya 1986, kisha akaandika The Keepers, tamthilia iliyofufua masaibu ya Waboandik wa kusini mwa nchi walipofikiwa na walowezi.

Alitunukiwa nishani ya taifa 1993, akaaga dunia Mei 2000 akiwa na umri wa miaka 60. Ukumbi wake haukudumu, ila mbegu aliyoipanda iliota: mnamo 2008, bintiye Rachael alikabidhiwa uongozi wa Ilbijerri, kundi la maigizo la wenyeji asilia jijini Melbourne, katika jiji lile lile ambako babake alikuwa ameanzia.