Alphonse Milne-Edwards na Waya Uliokatika

Mimi fani yangu ni uhandisi, lakini safari hii nawaletea maisha ya mtaalamu wa wanyama, maana habari yake inaanza na waya mbovu.

Alphonse Milne-Edwards alizaliwa Paris tarehe 13 Oktoba 1835. Baba yake, Henri, alikuwa bingwa wa elimu ya wanyama. Kijana akasomea udaktari, halafu akafuata nyayo za mzee. Wakati huo wataalamu wengi walikubaliana na Edward Forbes wa Uingereza, aliyefikiri kwamba chini ya mita 550 hivi baharini hakuna uhai. Basi, waya wa telegrafu kati ya Sardinia na Algeria ukakatika, ukavutwa juu kutoka mita 2,000 na zaidi. Kwa mafundi ile ilikuwa hasara tupu. Yeye akatazama matumbawe na chaza walioganda juu yake. Samaki anaweza kunaswa njiani wavu ukipanda, lakini chaza aliyeganda kwenye waya amekulia hukohuko chini. Alitangaza hayo mwaka 1861, akiwa na miaka 25 tu!

Jina likakua. Kuanzia 1877 meli ya Marekani, Blake, ilivua vilindi vya Karibi na Ghuba ya Meksiko, ikitumia kamba za chuma badala ya katani. Kaa na jamaa zao walipelekwa kwake Paris. Mwaka 1880 alimpa mmoja jina Galacantha rostrata. Huyu ukimwona utadhani ni kambakochi mdogo aliyekunja mkia chini ya tumbo, ana miiba mikubwa mgongoni na pembe ya usoni iliyopinda kwenda juu.

Naye hakukaa na chupa za maabara tu. Alisafiri na meli za Travailleur (1880–1882) na Talisman (1883), na baadaye akaichambua jamii hiyo pamoja na Bouvier. Mwaka 1891 akawa mkurugenzi wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya Paris, hadi alipofariki tarehe 21 Aprili 1900.

Lakini kazi haikuishia hapo. Wanyama wa aina hiyo walivuliwa pia Bahari ya Hindi na Pasifiki, ukazuka ubishi: ni aina moja iliyoenea dunia nzima, au ni nyingi zinazofanana? Wengine wakalifuta hata kundi la Galacantha. Mwaka 2007 Mhispania Enrique Macpherson akalirudisha. Ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa jina peke yake. Unahitaji mnyama mwenyewe ndani ya chupa, na kibandiko kinachosema alitoka wapi, kina gani, lini.

Na kwetu je? Meli ya Wajerumani, Valdivia, ilipita Dar es Salaam mwaka 1899, na sampuli zake zikaenda Ujerumani. Tangu 2009 nyaya za intaneti zinapita kwenye vilindi vyetu. Siku moja utakatika mmoja, na pengine mhandisi atakayeuvuta atakuwa mmoja wetu. Jamani, asiukwangue kabla hajaangalia kilichoganda na kuandika kina chake. Nanyi mlio karibu na makumbusho ya Ulaya, ulizieni chupa zenye kibandiko cha pwani yetu.