Sengier na mapipa ya Shinkolobwe

Hadithi za safari za wakati hupenda jambo dogo. Katika ile ya Ray Bradbury ya mwaka 1952, mwindaji anakanyaga kipepeo wa kale, na akirudi anakuta nchi yake imebadilika. Mimi mkaaji wa Kampemba naliona jambo la namna hiyo karibu na kwetu, katika maisha ya Edgar Sengier.

Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1879, na mwaka 1911 akaingia Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga, hata akawa mkuu wake. Mwaka 1939 mwanasayansi Mwingereza, Henry Tizard, alimwonya kwamba uraniamu ikiangukia mikononi mwa adui italeta maafa. Mwaka uliofuata Sengier aliagiza tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, zipelekwe New York. Zilikaa kwenye mapipa ghalani hadi Septemba 1942, alipokuja afisa wa jeshi la Marekani. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliungua.

Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Alifariki mwaka 1963.

Lakini agizo lake lilikuwa maneno tu. Mawe yalichimbwa na kuchaguliwa kwa mikono ya babu zetu, ambao Tizard hakuwaonya. Mwandishi atakayemrudisha msafiri mwaka 1940 asimwishize ofisini kwa Sengier; amshushe kwanza shimoni.