Bell alivumbua simu, viziwi wakabaki nje

ALEXANDER Graham Bell hukumbukwa kote ulimwenguni kwa kuvumbua simu. Wachache hujua kwamba kazi aliyoienzi maishani ilikuwa kuwafunza viziwi, na kwamba chombo kilichompa sifa ndicho kilichowafungia nje watu hao hao.

Alizaliwa mjini Edinburgh, Scotland, mnamo Machi 3, 1847. Mamake alikuwa na tatizo la kusikia, naye Bell alizoea kuzungumza naye akiweka mdomo karibu na paji la uso wake ili ahisi mtikisiko wa sauti.

Mnamo 1871 alianza kufundisha katika shule ya viziwi jijini Boston, Marekani. Miaka mitatu baadaye, akitaka wanafunzi waone sauti kwa macho, alitengeneza kifaa kwa sikio la maiti: sauti ilitikisa kiwambo cha sikio, na unyasi ukachora mawimbi kwenye kioo chenye masizi. Mtikisiko huo ulimpa fununu ya simu, aliyoipatia hataza Machi 7, 1876.

Mwaka uliofuata alimwoa Mabel Hubbard, aliyekuwa mwanafunzi wake na ambaye homa ilimfanya kiziwi akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Mke wa mvumbuzi wa simu hakuweza kusikia neno lolote ndani yake.

Bell hakuwaacha viziwi. Mnamo 1879 aliunda kifaa cha kupima usikivu. Hata hivyo, alishikilia kuwa sharti kiziwi ajifunze kutamka na kusoma midomo. Alipinga lugha ya ishara shuleni, na mnamo 1883 akawaonya wanasayansi dhidi ya viziwi kuoana wao kwa wao. Viziwi wengi hawajamsamehe hadi leo.

Aliaga dunia nchini Kanada, Agosti 2, 1922.

Ilichukua miaka 42 zaidi kabla ya viziwi kupigiana simu. Mnamo 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia Mmarekani aliyezaliwa kiziwi, aliunda kifaa kilichogeuza maandishi ya teleprinta kuwa milio inayopita katika simu ya kawaida. Alishirikiana na viziwi wenzake wawili, James Marsters na Andrew Saks.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bell alitaka kumbadilisha kiziwi. Weitbrecht aliibadilisha simu.