BWANA ALIYELETA SAMAKI KUTOKA SKOTLANDI

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kilimtaka kila mwanachama amchague mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, asimulie maisha yake. Wenzangu walikimbilia Mekatilili, Elijah Masinde na Wangari Maathai. Mimi nilipomtaja Ewart Scott Grogan, darasa liliguna. Mmoja akaniuliza ati nimenunuliwa na wakoloni kwa bei gani. Sikununuliwa. Mimi nilianza na samaki tu.

Samaki mwenyewe ni trauti. Huku kwetu kati ya Kitale na Bungoma samaki tunaowajua ni mumi, kamongo, ningu wa mto Nzoia, na ngege na omena wanaoletwa sokoni kutoka ziwani. Trauti wengi wetu hatujawahi kumtia machoni, ijapokuwa yuko juu kule Mlima Elgon katika maji baridi ya mto Suam. Babu yangu anamjua. Siku moja tukipukuchua mahindi alinisimulia kwamba alipokuwa kijana mdogo, akichunga ng'ombe katika shamba la Mzungu mmoja, alimvua samaki mwenye madoadoa mgongoni. Ndoana yake ilikuwa pini aliyoipinda, chambo chake mnyoo. Hakufika naye nyumbani. Nyapara alimnyang'anya samaki akamcharaza viboko, kwani samaki yule alikuwa wa Bwana. Babu hakulalamika sana kuhusu viboko. Alichotaka kujua ni hiki: samaki ni wa mto, huyu Bwana alimpata wapi?

Basi nikaanza kutafuta, na njia ikanifikisha kwa Grogan.

Alizaliwa London tarehe 12 Desemba 1874 katika familia yenye mali na watoto wengi mno. Masomo yalimshinda, si kwa ujinga bali kwa utundu, na akatoka Chuo Kikuu cha Cambridge bila digrii. (Walimu wetu wasilisome hilo kwa sauti.) Mwaka wa 1896 alikuwa askari katika vita vya Wamatabele, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Kisha akaenda New Zealand, na huko akampenda msichana aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana hakuridhika na kijana asiye na kazi. Grogan akaahidi kwamba atavuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini ili athibitishe yeye ni mwanamume wa kutegemewa. Wengine hupeleka ng'ombe. Yeye alipeleka miguu yake.

Aliondoka Beira, Msumbiji, mwaka wa 1898, akafika Cairo mwaka wa 1900. Sehemu za mwisho alisafiri kwa chombo katika mto Nile, lakini kwa maelfu ya kilomita alichapa mguu, akipambana na homa, njaa na vita vya njiani. Mwaka huohuo alimwoa Gertrude na kutoa kitabu kuhusu safari hiyo. Vitabu husema alivuka bara hili. Mimi naongeza kwamba mizigo yake ilivuka vichwani mwa wapagazi, na majina yao siwezi kuwaandikia hapa kwa sababu sikuyapata.

Mwaka wa 1904 akaja Kenya. Hapa nitapita mbio, kwa kuwa mali yake ikitajwa yote jarida litajaa: alipewa misitu mikubwa upande wa Eldama Ravine ili apasue mbao, akachukua ardhi Kilindini, na akamiliki kinamasi katikati ya Nairobi ambacho wengine walikidharau. Ile Barabara ya Kirinyaga ya leo iliitwa Grogan Road, na mpaka sasa mafundi wa magari huko Nairobi wakikutuma Grogan unajua unakwenda kununua spea. Chiromo, penye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, palikuwa kwake.

Sasa turudi kwa samaki. Walowezi walipoiona mito ya Aberdare, maji yake baridi na meupe yanayokimbia juu ya mawe, waliikumbuka mito ya kwao. Mito hiyo haikuwa na samaki wa kuwafurahisha wavuvi wa kujifurahisha. Mwaka wa 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, ziwa la Skotlandi, ili yatiwe katika mto Gura.

Hebu fikiri kazi hiyo. Yai la trauti ni dogo kama punje ya mtama, na ni lazima likae katika baridi na unyevu. Likipata joto linakufa. Likigandishwa linakufa vilevile. Katika maji ya nyuzi 10 huchukua kama siku arubaini kuanguliwa, kwa hivyo baridi ndiyo inayolichelewesha lisianguliwe njiani. Mayai yakavuka bahari, joto la Bahari ya Shamu na yote, yakafika Mombasa, yakapanda reli iliyokuwa imekamilika miaka minne tu kabla. Kutoka relini kwenda mlimani hakukuwa na barabara ya gari. Wapagazi tena! Ninawaona akilini wakipanda baridi ile, wamebeba samaki wasioonekana, pengine wakijiuliza Mzungu huyu ana akili timamu.

Trauti wakashika. Mwaka wa 1910 wakaletwa wa aina nyingine, trauti wa upinde wa mvua, kutoka Afrika Kusini, na baada ya hapo wakapandikizwa mito mingi ya milimani, hata Elgon yetu. Serikali ya kikoloni ikaweka sheria za kuwalinda, na leseni. Mvuvi halali alikuwa mtu mwenye ufito mrefu, mshipi, na ndoana iliyofungwa manyoya yafanane na mdudu. Pini na mnyoo wa babu havikuwemo.

Si kila samaki mgeni alifika bila madhara. Ziwa Naivasha lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, kadogo kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walowezi walitia humo basi mweusi kutoka Marekani, samaki mlafi wa kuvuliwa kwa mchezo. Yule mdogo alionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Hilo si kosa la Grogan, lakini mawazo yalikuwa yaleyale: kwamba maji haya yalikuwa matupu yakiwangoja wao.

Sasa lile lililoligunisha darasa. Mwezi wa Machi 1907, Grogan, wakati huo akiwa rais wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, umati wa Wazungu ukitazama. Kosa lao ati ni kwamba walivuta rikisho vibaya na kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Alifungwa mwezi mmoja, nao haukuwa wa gereza la kawaida. Mto Gura unapita katika nchi ya Wakikuyu. Huenda mpagazi wa mayai na mmoja wa waliochapwa walikuwa majirani; sijui, lakini wazo hilo halinitoki.

Na mtu huyohuyo, Gertrude alipofariki mwaka wa 1943, alitoa ardhi Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto kwa jina la mkewe, ile Gertrude's ambayo watoto wanatibiwa mpaka leo. Alijenga pia hoteli ya Torr's Nairobi, na jumba lake juu ya kilima karibu na Taveta, alikolima katani. Alifia Cape Town tarehe 16 Agosti 1967, akiwa na miaka 92. Kenya ilikuwa na Uhuru wa karibu miaka minne.

Wenzangu walitaka nifute ama viboko ama hospitali, ili mtu aeleweke. Nimekataa kufuta chochote.

Jumamosi iliyopita nilimsomea babu makala hii yote. Alisikiliza kimya, mkono shavuni. Nilipofika penye wapagazi alinitaka nirudie. Nilipomaliza nilidhani atauliza juu ya Grogan. Kumbe aliuliza kama nimesoma popote jinsi trauti anavyoonja, kwa maana yule wa kwake aliliwa na nyapara.