Maisha ya Amos Alonzo Stagg, Mlezi wa Michezo ya Shule

Wako watu waliotamani kusimama mimbarani, lakini mlango ule ukafungwa mbele yao, wakapewa kazi nyingine. Mmoja wao alikuwa Amos Alonzo Stagg wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi viatu, mtu maskini. Kijana akaenda kusoma katika chuo kikuu cha Yale, nia yake awe mchungaji. Huko akasifika kwa kurusha mpira wa besiboli, hata vilabu vya wachezaji wa kulipwa vikamtaka, naye akakataa. Baadaye, alipokuwa akisoma elimu ya dini, akatambua kwamba hana kipawa cha kuhubiri. Basi akayaacha masomo yale, na mwaka 1890 akaenda Springfield, kwenye chuo cha Chama cha Vijana Wakristo, ajifunze kuwalea vijana kwa njia ya michezo.

Huko alikuwako James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwezi wa Desemba 1891. Tarehe 11 Machi 1892 walimu walishindana na wanafunzi mbele ya watu. Walimu wakashindwa 5 kwa 1, na bao lao moja lilitiwa na Stagg.

Mwaka ule ule akaitwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, akafundisha michezo huko miaka arobaini. Hakunywa kileo wala hakuvuta tumbako. Tangu mwaka 1902 aliwakusanya vijana wa shule za sekondari washindane kwa mbio na kuruka, na tangu mwaka 1917 kwa mpira wa kikapu, hata shule zikaja kutoka majimbo ya mbali. Mwaka 1928 ilifika shule ndogo ya Carr Creek, kutoka milima ya Kentucky. Haikuwa na jumba la michezo. Vijana wake walijizoeza nje. Katika jimbo lao walikuwa wameshindwa na shule ya Ashland, 13 kwa 11, baada ya muda kuongezwa mara nne. Huko Chicago wakazishinda shule kubwa kabla ya kushindwa wenyewe, na Ashland ndiyo iliyotwaa ubingwa.

Lakini jambo jema nalo huweza kupita kiasi. Wakuu wa shule na vyama vya michezo vya majimbo waliona kwamba safari ndefu zawatoa vijana darasani, tena ushindi waanza kutukuzwa kuliko elimu. Wakataka shule zishindane karibu na kwao, chini ya ulinzi wa walimu. Mashindano yale ya kikapu yakakoma mwaka 1930.

Stagg alipofika miaka 70, Chicago ikamtaka apumzike. Hakupumzika, akahamia chuo kimoja cha California, akafundisha huko toka 1933 hata 1946. Alifariki tarehe 17 Machi 1965, mwenye umri wa miaka 102.

Basi, ndugu walimu, tunapowapeleka watoto uwanjani tuyakumbuke mambo mawili. Uwanja nao ni mahali pa malezi, kama alivyoamini Stagg. Lakini pasipo mpaka uliowekwa na wazee, mchezo huimeza shule iliyouzaa.