Kahanamoku: Alipitwa na Tarzan, hakupitwa na umri

HUKU kwetu straika akigusa tu miaka 30, majukwaani wanaanza kumuulizia mrithi wake. Akipita mechi mbili bila bao, basi, ameisha huyo.

Sasa chukua namba mbili za muogeleaji mmoja wa Hawaii. Mwaka 1912, akiwa na miaka 21, alibeba dhahabu ya Olimpiki ya mita 100 mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 3.4. Mwaka 1924, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku chache kutimiza 34, aliogelea fainali ya mbio hizo hizo kwa dakika 1 na sekunde 1.4. Alikuwa ameongeza kasi kwa sekunde mbili nzima. Na siku hiyo akashindwa.

Jamaa anaitwa Duke Kahanamoku. Duke hapo si cheo. Ni jina alilorithi kwa baba yake, aliyepewa kwa heshima ya mtoto wa Malkia Victoria, Duke wa Edinburgh, aliyetembelea Hawaii mwaka 1869.

ALIKOTOKEA
Alizaliwa Honolulu Agosti 24, 1890, wakati Hawaii bado ni ufalme wake yenyewe. Mwaka 1898 Marekani ikavichukua visiwa hivyo, ndiyo maana medali zake zote zimehesabiwa kwa Wamarekani. Baba yake alikuwa polisi, watoto nyumbani wengi, na Duke aliacha shule bila kumaliza ili asaidie familia. Uwanja wake wa mazoezi ulikuwa bahari ya Waikiki. Kuogelea, kupiga kasia, kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, vyote alijifunzia hapo.

Agosti 11, 1911 yalifanyika mashindano ndani ya bandari ya Honolulu. Duke akamaliza yadi 100 kwa sekunde 55.4, akiivunja rekodi iliyokuwepo kwa sekunde 4.6. Katika mbio fupi hiyo si tofauti, ni dharau. Wakubwa wa chama cha michezo cha Marekani waliposikia hawakuamini. Mara saa zilizotumika ni za mezani, mara mkondo wa bahari ulimsukuma. Rekodi ikakataliwa.

Ilibidi aende bara akathibitishe. Kule akakutana na kitu ambacho baharini hakipo: ukuta. Mtu aliyekulia kwenye maji yasiyo na mwisho anapoingia bwawa fupi, kila akifika ukutani anapoteza muda, na wenzake wanamwacha hapo hapo. Akaenda Philadelphia kwa kocha George Kistler, akafundishwa kugeuka na kujisukuma kwa miguu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Alikuwa mtu mzima tayari, na tayari mkali kuliko waliokuwa wakimcheka.

USHINDI WA MEZANI WAKATAALIWA
Olimpiki ya 1912 ilikuwa Stockholm, na mbio ziliogelewa kwenye ghuba, si bwawa. Wamarekani hawakutokea nusu fainali kwa sababu ya kutoelewana juu ya ratiba. Kwa lugha ya soka, wapinzani walishapata ushindi wa mezani. Lakini Cecil Healy wa Australia alisema hapana, hataki dhahabu ya namna hiyo. Ikaandaliwa nusu fainali ya ziada, Duke akapita, na fainali akambwaga Healy mwenyewe. Healy alirudi na fedha. Mwaka 1918 aliuawa vitani nchini Ufaransa.

SIRI ILIKUWA MIGUUNI
Zama hizo wengi walipiga miguu kwa mtindo wa mkasi: unafungua, unafunga, halafu mwili unasita kidogo kabla ya mkono unaofuata. Miguu ya Duke haikusita. Ilipiga juu na chini mfululizo, nguvu ikitoka nyongani, goti likikunjwa kidogo tu, kifundo kikiwa kimelegea. Kwa kila mzunguko wa mikono yote miwili, miguu ilipiga mara sita.

Faida yake ni rahisi kuielewa. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Kiuno kikizama, unavuta mzigo. Miguu inayopiga bila kupumzika inakibeba kiuno juu, mwili unanyooka, na mikono inabaki na kazi moja tu ya kuvuta mbele.

Hapa ndipo mtu mzima anayetaka kasi bwawani anapokosea. Anadhani dawa ni kuzungusha mikono haraka, anatapatapa mita 20, pumzi kwisha. Wanaofundisha mbio fupi wanaanza kwingine: nyoosha mwili, legeza kifundo, jifunze kuruka na kugeuka. Halafu ogelea mita 25 kwa kasi yote, pumzika vya kutosha, rudia. Kuogelea mwendo wa pole saa nzima kunakupa pumzi, hakukupi kasi.

VITA NA KURUDI
Michezo ya 1916 ilifutwa kwa sababu ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa mchezaji mwingine, kipindi hicho ndicho kingekuwa kilele chake. Duke hakulala. Mapema 1915, Sydney, alikuwa ameshashusha yadi 100 hadi sekunde 53.8.

Olimpiki ikarudi 1920 mjini Antwerp. Agosti 24, siku anayotimiza miaka 30, alishinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 0.4, rekodi ya dunia. Muaustralia mmoja akakata rufaa, mbio zikarudiwa siku chache baadaye. Duke akashinda tena. Akaongeza dhahabu ya kupokezana mita 200 mara nne.

Paris 1924 ndipo alipokutana na kijana wa miaka 20, Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kuwa Tarzan kwenye sinema. Weissmuller alimaliza kwa sekunde 59. Duke wa pili, mdogo wake Sam Kahanamoku wa tatu. Ukweli usemwe: bwawa la Paris lilikuwa na kasi kuliko ghuba ya Stockholm, kwa hiyo zile sekunde mbili si zote za miguu yake. Ila kwa miaka 12 ni mtu mmoja tu aliyempita kwenye fainali ya Olimpiki ya mbio hizo, na huyo alikuwa wa kizazi kingine.

Kasi hiyo haikuishia kwenye medali tano. Juni 14, 1925 boti ya wavuvi ilipinduka kwenye mawimbi makubwa pwani ya California. Watu 17 walikufa. Duke, akiwa na karibu miaka 35, alikwenda na kurudi na ubao wake na kuwatoa wanane wakiwa hai.

Baadaye alichaguliwa kuwa sherifu wa Honolulu, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki Januari 22, 1968 akiwa na miaka 77, na majivu yake yakamwagwa baharini Waikiki, kwenye maji yale yale aliyojifunzia.